Duka kujitangaza kwa sauti badala ya ubao: kwa nini miji ya zamani haikufanya hivyo?

#1 Mjenzi wa Ngome
Wakuu, salaam.

Naandika hadithi ya kubuni. Mji una kuta na malango manne, na ufundi wake ni wa kiwango cha Ulaya ya karne ya 13 au 14. Hakuna umeme, vitabu vinanakiliwa kwa mkono, na watu wengi hawajui kusoma. Kwenye hadithi na michezo ya kompyuta ya namna hii kila duka lina ubao unaoning'inia: buti kwa fundi viatu, kinu kwa mwuza dawa, kichwa cha nguruwe kwa nyumba ya wageni. Nimezichoka mbao hizo. Nataka mji wangu utambulike kwa masikio. Mwokaji mikate awe na baragumu, mwuza dawa atwange kinu chake kwa mdundo wake, kinyozi awe na chuma kinacholia, nyumba ya wageni iwe na njuga mlangoni. Mgeni akiingia kwa lango la mashariki usiku ajue yuko mtaa gani hata kama haoni kitu.

Swali: kama wateja hawasomi, si sauti ndiyo ingekuwa njia ya kawaida kabisa? Mbona picha zote za kale zinatuonyesha mbao? Kuna sababu ya kweli, au waandishi wanaigana tu?

#2 Kasuku wa Pwani
Nimeweka kambi. Wajuvi wa historia shukeni.

#3 Mzee wa Gati
Mleta mada, umeunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Buti lililochongwa kwenye ubao halisomwi. Mtoto mdogo analiona anajua ni buti. Kwa hiyo kutojua kusoma kunaeleza kwa nini mbao zilikuwa za picha, hakuelezi kwa nini pawe na kengele.

Halafu piga hesabu. Ubao ukishautundika umemaliza. Unafanya kazi ukiwa umelala, ukiwa msibani, mvua ikinyesha. Kengele inataka mkono, na mwenye mkono anataka kula.

#4 Fundi Mkasi
Nakubaliana na #3 ila kwa sababu nyingine. Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kwa kuzunguka, cherehani begani, mitaa ya Temeke na Mbagala. Wanaoishi Dar wanajua kwamba fundi wa kuzunguka hapigi kelele, anachezesha mkasi. Unaushika mtupu, unaufunga na kuufungua haraka haraka, unaacha kidogo, unarudia. Mkasi mpya hautoi ule mlio, lazima uwe umelegea kidogo pale kwenye msumari. Mama yuko uani anafua, hajakuona, lakini anaita "fundi!" na suruali ya mtoto anayo tayari mkononi.

Nilipopata fremu niliacha. Hakuna aliyenikataza, mlio haukuwa na kazi tena. Sauti ni ya anayetembea, kwa sababu mteja hawezi kujua kwamba leo umepita kwake. Waangalieni wote: mwuza kahawa na vikombe vyake, mpaka rangi za kucha anagonga vichupa, mwuza karanga na sigara anachezesha sarafu kiganjani, mng'arisha viatu anagonga brashi kwenye sanduku. Nionyesheni mwenye duka hata mmoja.

#5 Bint Shaba
Fundi, hoja yako ni nzuri ila Paris ya karne ya 13 inaipinga. Pale nyumba za mvinyo, ambazo hazitembei, zilikuwa na wapiga mbiu. Ilikuwa kazi yenye kanuni zake, na kanuni hizo zimo kwenye mkusanyiko wa Étienne Boileau, aliyekuwa akiusimamia mji kwa niaba ya Mfalme Louis IX miaka ya 1260. Mpiga mbiu anachukua mvinyo wa nyumba ile kwenye chombo, bakuli la kuonjea mkononi, anazunguka akitaja bei na kuwaonjesha wapita njia. Na mwenye nyumba hakuwa na hiari kubwa. Mpiga mbiu asiye na kazi aliweza kuingia kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuitangaza akadai kuitangaza yeye. Mfalme akitoa mvinyo wake uuzwe, nyumba nyingine zote zinafunga, na wapiga mbiu wote wanautangaza wa mfalme asubuhi na jioni.

Hilo si duka linalojitangaza kwa sauti?

#6 Fundi Mkasi
Dada Shaba, hapo mbona anayepiga kelele bado anatembea? Duka limekaa, sauti ndiyo imetoka matembezini. Umenisaidia.

#7 Kinyonga
Jibu ni fupi jamani: sheria. Uingereza mwishoni mwa karne ya 14, zama za Richard II, kila mwenye duka alilazimishwa kutundika alama mlangoni. Serikali ikishasema ubao, ni ubao.

#8 Karani wa Zamani
#7 si kila mwenye duka. Agizo lile liliwahusu wauza pombe ya shayiri. Atakayepika pombe kwa kuuza aweke alama, asipoweka anapoteza pombe yake. Sababu yenyewe ilikuwa ukaguzi. Kulikuwa na mwonja pombe wa mji, kazi yake kupita kuhakiki ubora na bei, na alihitaji kujua pa kuingia. Na desturi ya kuweka alama ilikuwepo kabla ya hapo. London mwaka 1375 walishapiga marufuku mti wa alama ya pombe kutokeza barabarani zaidi ya futi 7, maana wapanda farasi walikuwa wanazuiwa njia.

Sasa kwa mleta mada. Ongeza wenye mabafu kwenye mfano wa Bint Shaba. Paris hiyo hiyo, maji yakishachemka, kijana anatumwa mitaani kuita kwamba bafu liko moto, njooni. Kanuni zilikataza kuita kabla hapajakucha, kwa sababu watu walikuwa wanaamka kwa ile sauti na kutoka gizani, na gizani kulikuwa na hatari zake.

Ukiyaweka pamoja unaona sauti ilikuwa na kazi yake maalumu, nayo ni kutaja *muda*. Maji yamechemka, pipa limefunguliwa, mkate umetoka tanuruni. Watu wa mtaa wanajua bafu liko wapi tangu wazaliwe. Wasichokijua ni kama liko moto sasa hivi.

#9 Mjenzi wa Ngome
Karani, asante, hii sikuwahi kuifikiria. Kwa hiyo baragumu la mwokaji linakubalika?

#10 Kasuku wa Pwani
Linakubalika kabisa. Kuna mchoro wa Jan Steen, mchoraji wa Uholanzi, upo makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, unaonyesha mwokaji wa Leiden na mkewe wamesimama mlangoni, mikate imepangwa dirishani, na kijana pembeni anapuliza pembe. Kwa hiyo mwokaji wa zama za kati alikuwa na baragumu. Kesi imefungwa.

#11 Karani wa Zamani
Usifunge. Mchoro ule ni wa mwaka 1658. Zama za kati zilishapita zamani. Ni ushahidi mzuri kwamba duka lisilotembea linaweza kutumia pembe, lakini hauthibitishi karne ya 13.

#12 Kasuku wa Pwani
Hadithi ni ya kubuni, Karani. Miaka mia tatu tumsamehe.

#13 Bint Shaba
Karani, hoja ya muda naiheshimu ila ina tundu. Pombe ile ya shayiri, kabla hops (maua yanayosaidia pombe isiharibike) hazijaenea Uingereza, ilikuwa inaharibika kwa siku chache. Wengi waliopika ni wanawake nyumbani kwao, leo anayo, wiki ijayo hana. Mti wenye kichaka cha majani ulitolewa nje pombe ilipokuwa tayari. Kwa hiyo ishara ya kuonwa nayo ilitaja muda. Macho yalifanya kazi unayosema ni ya masikio.

#14 Mwana wa Amu
Asalaam aleikum. Nyote mumesahau jambo moja: sauti ina mwenyewe.

Kwetu Lamu na Pate kulikuwa na siwa, pembe kubwa ya kupulizwa. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zimehifadhiwa Lamu. Siwa haikupulizwa na mtu yeyote kwa jambo lolote. Ilikuwa ya utawala. Familia kubwa zikiwa na harusi ziliiomba, na kupewa kwenyewe kulionyesha wao ni nani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba sultani akitembea hutanguliwa na ngoma na tarumbeta. Sasa wewe mwuza samli uamke asubuhi upulize pembe mlangoni kwako? Utaulizwa umetawazwa lini.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ikilia kwa ajili ya mikate kila siku, siku ya jambo lenyewe nani atatoka?

#15 Mzee wa Gati
#14 umenena. Na Ulaya ni vilevile. Kengele kubwa ni za kanisa na za mji. Kengele ya soko ndiyo iliyofungua biashara, na miji mingi iliadhibu aliyeuza kabla haijalia. Jioni kengele ya kufunika moto, yaani kila nyumba izime moto wake ilale. Usiku pembe ya mlinzi.

#16 Daktari wa Mitishamba
Naongezea kwenye #15 jambo zito zaidi. Mwenye ukoma zama zile alibeba vibao vya kugonga au kengele ya mkono, watu wasikie kabla hajafika. Padri akimpelekea mgonjwa mahututi sakramenti, mbele yake anatangulia mtu na kengele ndogo, na watu wanapiga magoti barabarani. Mazishi nayo yana kengele ya mkono.

Sasa mleta mada kampa kinyozi chuma kinacholia na nyumba ya wageni njuga. Mtu akisikia mlio kwenye kona, apige magoti, akimbie, au akanyoe nywele? Ndiyo maana naamini sauti za maana ya maisha na mauti zilishajaza nafasi, na biashara ikabakiwa na koo la binadamu, kwa sababu maneno hayachanganyi.

#17 Bint Shaba
Daktari, nakupa kitu cha kuongezea hapo. Wapiga mbiu wa mvinyo wa Paris baadaye ndio hao hao waliotangaza vifo. Kazi mbili, koo moja. Walijulikana rasmi kama wapiga mbiu wa maiti na mvinyo. Kwa hiyo kuchanganya hakukuwashinda.

#18 Fundi Mkasi
Anatangaza msiba asubuhi na mvinyo jioni. Huyo bwana mteja wake ni mmoja.

#19 Kariakoo Mpaka Gerezani
Mimi nina duka la vyombo, Kariakoo. Mnaongelea mamlaka na ukoma, mimi nawaambia kilichotokea mbele ya macho yangu.

Jirani alianza kuweka spika mlangoni, sauti imerekodiwa, bei ya sufuria inajirudia. Wateja walimwendea kweli, siwezi kukataa. Basi wa pili akaweka, wa tatu akaweka kubwa zaidi, mimi nikaweka. Ikafika mahali mteja amesimama ndani ya duka langu ananiuliza bei kwa vidole. Hakuna duka lililosikika tena, zilisikika zote kwa pamoja, yaani sawa na hakuna. Niliizima yangu na mauzo hayakubadilika. Anayefaidika na spika mpaka leo ni mwuza sumu ya panya, mende na kunguni anayepita na toroli, kwa sababu akifika mtaa wa makazi yuko peke yake.

Mbao mia moja kwenye mtaa mmoja unaweza kuzitazama moja moja. Sauti mia moja huwezi. Hilo halibadiliki hata uwe na farasi na upanga.

#20 Kinyonga
Hii ya #19 ndiyo jibu. Mengine ni mapambo.

#21 Karani wa Zamani
Sio haraka hivyo. Mji wa zama za kati haukuwa na spika. Ukiondoa injini, unachosikia ni kwato, magurudumu, mbwa, nyundo na watu. Koo la mtu lilifika mbali. Paris ya karne ya 13 ina shairi zima la Guillaume de la Villeneuve lililojaa miito ya wauzaji, kuanzia samaki hadi mishumaa, asubuhi mpaka usiku, na bado watu walinunua.

#22 Tanga Raha
Mimi nimeshika pale #4 alipotaja kahawa. Vikombe vile vinagongwa kwa mkono mmoja, viwili vimekaa kiganjani, mwingine una birika na mkaa wake. Mchezo huo asili yake Tanga, Mombasa wameiga.

#23 Kongowea
Tanga Raha, acha. Vikombe vilikuwa vinalia Mji wa Kale sisi tukiwa wadogo na babu zetu wakiwa wadogo. Kashata mtakuja kusema pia ni yenu.

#24 Tanga Raha
Kashata ni yetu.

#25 Mwana wa Amu
Wote wawili nyamazeni, mzee yupo.

#26 Bint Shaba
Kwa vile mmefika kwenye vikombe: Hangzhou, Uchina, mji mkuu wa utawala wa Song ya Kusini, karne ya 13, mwandishi Wu Zimu anaeleza kwamba kwenye nyumba za chai waligonga vikombe vyenye mlio na kuimba ili kuuza. *Nyumba* za chai, Fundi Mkasi. Haziendi popote. Na huo ni ulimwengu wenye vitabu vilivyochapwa na mabango ya kila aina mitaani. Mchoro mrefu wa Zhang Zeduan wa maisha ya kando ya mto umejaa bendera za nyumba za pombe. Kwa hiyo sauti na ubao viliishi pamoja, hata palipokuwa na wasomaji wengi.

#27 Fundi Mkasi
Hapo umenibana. Ila nitasema hivi: chai hunywi kwa sababu umeikusudia, unaipitia. Mlio unakukumbusha kiu. Suruali iliyochanika haihitaji kukumbushwa.

#28 Msimamizi
Kahawa na kashata zifunguliwe uzi wake. Turudi kwenye mada.

#29 Sikio la Soko
Nimesoma kimya, niseme la kwangu.

Mjomba wangu haoni tangu utotoni. Nilikuwa nampeleka soko la mji wetu, au tuseme yeye ndiye alikuwa ananipeleka. Hakuna duka pale lililokuwa na kengele, lakini alikuwa anayataja moja moja. Kwa mafundi bati, nyundo. Mashine ya kusaga unaisikia mbali, lakini yeye alijua kama inasaga au inazunguka tupu, akasema twende, foleni imeisha. Bucha alikuwa anaijua kwa panga kwenye gogo, mlio mzito usio na mwangwi. Cherehani za mafundi wawili jirani alizitofautisha, moja ilikuwa na mkanda unaopiga kelele kila mzunguko. Aliponunua kitambaa tu ndipo alipouliza watu, kwa sababu duka la vitambaa halina sauti. Alikuwa anasimama mlangoni anavuta pumzi, ananusa rangi ya khanga mpya.

Kwa hiyo Mjenzi, huhitaji kumpa kila mtu chombo cha kulia. Kazi inalia yenyewe.

#30 Mjenzi wa Ngome
#29 nimesoma mara mbili. Shukrani sana.

#31 Karani wa Zamani
Na hili lina ushahidi mwingi. Mtaa wa mafundi shaba Cairo, Nahhasin, na uwanja wa Seffarine pale Fes, mpaka leo unaongozwa na nyundo kabla hujaona sufuria. London ilikuwa na Bread Street na Milk Street, kazi za aina moja zikikaa pamoja. Ukishajua mtaa, ubao wa buti haukuambii kitu, kila mlango ni buti. Nadhani hii ndiyo sababu mbao zilianza kuwa na alama zisizohusiana na bidhaa, kama simba, nyota au mwezi: zilitofautisha fundi na fundi. Nyundo itakuambia ni mafundi shaba, haitakuambia ni Ahmed au jirani yake.

#32 Sikio la Soko
Kwa mtu wa nje haitamwambia. Mjomba alikuwa anaambiwa.

#33 Kinyonga
Jambo ambalo hamjaligusa: mbao zenyewe zilikuwa na kelele. Zilitundikwa kwenye vyuma, upepo ukivuma mtaa mzima unalia kwiii kwiii. London zilikua kubwa mpaka mwaka 1718 moja ikang'oka na ukuta wake karibu na Fleet Street ikaua watu. Paris mwaka 1761 wakaamuru zibandikwe bapa ukutani, London nayo ikafuata mwaka uliofuata kwa upande wa Westminster. Kwa hiyo Mjenzi anaweza kubaki na mbao na bado mji ukasikika.

#34 Mzee wa Gati
Kinyonga leo umekuja na nondo. Nafuta niliyoyawaza baada ya #7.

#35 Mjenzi wa Ngome
Wakuu, nimeanza kuandika upya. Nilipofikia: mtaa wa mafundi unajulikana kwa kazi yenyewe, kama #29. Mwokaji ana baragumu lakini analipuliza mkate ukitoka tu, na amelipia kibali kwa mtawala, kwa heshima ya Mwana wa Amu. Bafu na nyumba za mvinyo zina wapiga mbiu wenye chama, na chama hicho kina ugomvi na waokaji kuhusu nani ana haki ya saa ya alfajiri. Njuga za nyumba ya wageni nimezitoa, Daktari kanitisha. Mbao zimebaki kwa wauza vitambaa, wenye dhahabu na mishumaa, wale wasio na mlio.

#36 Kariakoo Mpaka Gerezani
Ugomvi wa alfajiri ndiyo hadithi yenyewe. Mwaga wino hapo.

#37 Daktari wa Mitishamba
Bado hujanijibu kuhusu mwuza dawa. Ulisema anatwanga kinu kwa mdundo wake. Mtoto ana homa saa nane ya usiku, kengele ya kufunika moto ilishalia, kinu kimenyamaza, ubao hauonekani. Baba yake ni mgeni, kaingia mjini jana. Anampataje?

#38 Mzee wa Gati
Ataacha taa dirishani.

#39 Bint Shaba
Mzee, kengele ya kufunika moto imeshalia, taa gani? Nyumba za mbao zile. Mgeni atamwuliza mlinzi wa usiku, na mlinzi atataka kwanza kujua yeye ni nani na anafanya nini barabarani.

#40 Sikio la Soko
Au amweke mtu asiyeona karibu na lango. Kwake yeye saa nane ya usiku na saa nane ya mchana ni sawa, na nyumba ya mwuza dawa anaijua kwa idadi ya hatua kutoka kisimani.

#41 Mjenzi wa Ngome
Huyo namchukua. Mjomba alikuwa anaitwaje kwa utani pale sokoni?